Upande Mweupe

Shemeji yangu alikwisha kuuchovya muhuri wake wa jiwe kwenye wino mwekundu, na sasa aliushika juu ya karatasi ya mume wangu.

Mume wangu, Qishan, alikuwa ameandika maneno matatu tu kwa brashi, yote yamejibana kwenye pembe ya chini. Kwingine kote alikuacha kweupe; kwake weupe nao ulikuwa maandishi. Siku tisa aliikunja na kuikunjua karatasi ile, akitafuta mahali pa kuyaweka, kabla hajagusa wino. Mwezi uliofuata mkono wake wa kulia ukapooza. Hataandika nyingine.

"Nafasi yote hii imelala bure," alisema shemeji. "Kesho inatundikwa kwenye ukumbi wa ukoo. Watu wamjue kaka mkubwa ni nani."

"Gonga pembeni, shemeji, chini ya maneno ya mdogo wako."

"Chini yake? Mimi? Hebu kaangalie chai yako."

Kutoka kitandani Qishan akaita kwa ulimi mzito, "Kaka, hapo nimeshaandika."

"Wapi? Mbona naona karatasi tupu!" Akacheka, akaushusha muhuri katikati kabisa.

Nikaweka mkono wangu juu ya karatasi.

Jiwe lilikuwa baridi, naye alilikandamiza kwa uzito wake wote. Alipoliinua, jina lake lilikuwa jekundu mgongoni mwa kiganja changu, kila mstari umetoka safi, hata ule uliopita juu ya mshipa. Miaka thelathini na minane katika nyumba hii sikuwahi kumbishia.

"Ondoa mkono huo, shemeji."

Sikuuondoa. Akauchovya tena muhuri.