Cherehani ya Bi Mwanarehema

Karisa aliupiga mlango wa jirani teke la pili, komeo likaruka. Mkononi alishika nyundo, na vifundo vya vidole vyake vilikuwa na damu. Upande wake wa nyumba alikuwa amemwacha mkewe, Jumwa, sakafuni ameshika mdomo.

"Haki ya Mungu, leo naivunja!"

Makosa yote yalikuwa ya cherehani. Tangu arudi kutoka vitani Burma, mlio ule ulimtia wazimu. Ta-ta-ta-ta! Ulipita juu ya ukuta wa udongo usiofika kwenye makuti, ukamwingia kichwani kama bunduki ya rashasha. Hapo mkono wake ukawa hauna mwenyewe. Mwezi uliopita mkono huo ulimng'oa Jumwa jino. Jumwa naye alikwishaapa: akipigwa tena, anarudi kwao Kaloleni, na mtaa huu wa Bofu hautamwona maisha. Na Karisa alimpenda mkewe, nani aseme hakumpenda? Kila alipomaliza kumpiga alilia machozi ya kweli.

"Bi Mwanarehema ni mjane, anawatafutia wanawe," Jumwa alimtetea siku moja. "Na mbona ukiwa bandarini siisikii hiyo cherehani?"

Sababu Karisa aliijua. Mwanamke yule alimvizia. Alingoja arudi kazini amechoka, ndipo aanze kumchokoza kwa makusudi.

Sasa alikuwa ndani kwake. Bi Mwanarehema hakupiga ukelele, hata kuinuka hakuinuka. Alikanyaga cherehani kwa miguu yote miwili, gurudumu likizunguka mbio, jasho likimchuruzika. Wanawe wawili walikuwa wamejikunyata chini, kila mmoja amebana sikio kwenye chuma kinachotetemeka.

Karisa aliinua nyundo. Macho yake yakaangukia sindano. Ilipanda, ikashuka, ikapanda. Haikuwa na uzi. Chini yake hapakuwa na kitambaa.

"Unashona nini wewe?" akafoka.

Bi Mwanarehema akaondoa miguu. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama. Kilio cha Jumwa kikaingia kwa juu ya ukuta, kwikwi moja moja, na watoto wakaziba masikio kwa viganja.

"Haya, ivunje, Karisa," akasema. "Lakini niambie kwanza, ukianza tena kumpiga mwenzio, hawa wanangu niwafunike na sauti gani wasimsikie?"