Miayo ya Kiboko

Kikaoni walikuwapo Pofu mwenyekiti, Kobe karani, Yangeyange aliyewahi kuishi mtoni miaka saba, na Punda aliyeteuliwa kwenda huko kuwasimamia viboko.

"Bwana Punda," alisema Yangeyange, "kiboko akipanua kinywa, rudi nyuma. Kwao hiyo si miayo, ni onyo."

Punda alicheka. "Bi Yangeyange, mimi nimesimamia ng'ombe na mbuzi. Wavivu nawajua kwa sura."

Siku ya kwanza kazini, Kiboko mkubwa alipanua kinywa. Punda alifurahi kumnasa mapema hivyo. Akamsogelea hadi puani.

"Mzee, miayo saa za kazi? Amka!"

Kiboko akapanua zaidi. Punda, kwa kumdhihaki, akapanua chake pia, na bila kujua akawa amemjibu kwa lugha ya mtoni.

Jumatano Pofu alipokea barua. Punda amefariki.