Panji Ataka Kuwa Utaridi

Katika mchezo wa sayari uwanjani, Panji aliponyoosha mkono kuomba awe Utaridi, sayari inayolizunguka jua kwa kasi kuliko zote, mwalimu aliutazama mguu wake.

Mguu wa kushoto wa Panji ulikuwa mfupi. Kiatu chake, kilichoongezwa soli kwa vipande vya ndala, kilichora mfereji mwembamba vumbini kila alipopita. Mwalimu, ambaye wanafunzi walimwita Bu Guru, alikuwa amempangia Neptuni, sayari ya mwendo wa pole ambayo mwaka wake mmoja ni zaidi ya miaka mia moja na sitini ya Dunia, kule ukingoni mwa shamba la mpunga.

"Neptuni ni kubwa, Panji. Tena ina upepo mkali."

"Neptuni ni ya wazee, Bu Guru. Mimi nataka Utaridi."

Wenzake walicheka, naye akacheka nao, lakini mkono hakuushusha.

"Haya. Utaridi ni wewe."

Msichana aliyekuwa jua akafungua mwavuli wa manjano, na filimbi ikalia. Panji akakimbia, kiatu kikikwaruza, jasho likimdondoka puani. Mwalimu akasubiri kwa uchungu Zuhura, sayari inayofuata, ampite.

Zuhura, bingwa wa mbio wa shule nzima, alimtupia jicho Panji, kisha akaanza kunyata kama anayemvizia kuku. Dunia naye akapunguza mwendo, na Mirihi vivyo hivyo. Hakuna aliyewaambia.

"Mmelala?" Panji aliwauliza akiwapita, kifua mbele. "Sogeeni huko."

Kutoka ukingoni ikaja sauti ya mtoto aliyepewa Neptuni badala ya Panji: "Bu Guru, mimi sasa nimesimama kabisa. Hata bata wananipita."

"Vumilia, mwanangu," mwalimu alisema, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwaka wako haujafika hata robo."