Kozi Mweupe wa Tamarack

Arlys Haugen ndiye aliyeomba apangwe na Duane Kessler kwenye hesabu ya ndege ya Desemba. Wenzake wa chama cha watazamaji ndege walidhani wamesikia vibaya, maana kwa miaka mitatu Arlys alikuwa hamsalimii.

Saa mbili asubuhi waliacha gari kwenye lango la hifadhi ya Tamarack, nje kidogo ya mji wao huko Wisconsin, wakashika njia ya juu ya tuta katikati ya madimbwi yaliyoganda. Duane alitangulia na darubini, akitaja ndege mmoja mmoja. Arlys alimfuata, kamera shingoni, akiandika. Kunguru wanne. Kigogota mmoja. Bata ishirini na sita, wamebanana kwenye kipande cha maji ambacho barafu ilikuwa bado haijakifunika.

Hakuwa amekuja kuhesabu bata. Alitaka kumfikisha Duane mahali pasipo na watu, amweleze uso kwa uso alichomfanyia Verlyn.

Verlyn alikuwa mumewe. Kila Jumapili ya baridi alitoka kwenda kutazama ndege kabla hakujakucha, akarudi jioni amechangamka, hata chakula hataki. Jumapili moja ya Januari alirudi akisema amemwona kozi mweupe hapo Tamarack, yule ndege mwindaji mkubwa wa kutoka nchi za barafu, ambaye hakuna mtu wa wilaya ile aliyewahi kumwona. Hakuwa na picha wala shahidi. Kwenye chakula cha mwaka cha chama, Duane, mtunza kumbukumbu, alisimama mbele ya watu arobaini akasema habari hiyo haikubaliki, ifutwe. Verlyn aliinamisha macho kwenye sahani. Hakukanyaga tena chamani, na kabla mahindi hayajavunwa walikuwa wamemzika. Daktari alisema ni moyo. Arlys alisema ni Duane.

Walipofika kwenye kona ya tuta, bata wote waliruka kwa mpigo mmoja.

Duane alisimama ghafla. Juu ya mti mkavu, hatua hamsini mbele yao, alikuwa ametua ndege mkubwa mweupe kama theluji yenyewe, mgongo umetapakaa vidoa vyeusi. Arlys alimwona mpaka kucha.

“Piga picha,” Duane alinong'ona. Machozi yalikuwa yakimtoka. Miaka arobaini alikuwa amemsubiri ndege huyo.

Arlys alitia mikono mfukoni. “Picha ya nini?”

Duane alidhani hajamwona. Akamwelekeza kwa kidole: mti ule, tawi la juu, upande wa kushoto. Arlys alitazama palepale, akatikisa kichwa. Yule kozi alikaa dakika nzima, akajirusha, akapita karibu kabisa na vichwa vyao hadi wakasikia upepo wa mbawa zake, kisha akapotelea kaskazini.

“Umemwona, Arlys. Amepita juu ya kichwa chako.”

“Mimi nimeona kunguru,” alisema Arlys. “Wewe andika utakalo. Nitasimama mbele ya watu niwaambie ni kunguru. Huna picha, huna shahidi. Si ndiyo sheria yako?”

Duane alimbembeleza. Alimkumbusha jinsi walivyojuana tangu shule, akamwambia ana umri wa miaka sabini na mmoja na ndege kama yule hatamwona tena. Arlys alimwacha aseme yote. Tangu siku ya mazishi hakuwahi kusikia mwili wake umepata joto kama asubuhi ile.

“Sasa unajua alivyojisikia Verlyn,” alimwambia.

Duane alifuta macho kwa glavu. Aliposema, sauti yake haikuwa tena ya kuomba.

“Niliona heri unichukie mimi. Jumapili ile ya Januari nilikuwa kwenye tuta hili tangu alfajiri mpaka giza linaingia, Arlys, na Verlyn hakuja. Gari lake nililipita nikija, nikalipita tena nikirudi, limeegeshwa uani kwa dada yako mdogo, LaVonne.”