Faini ya Mzee Kibwana

"Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu," alianza Mzee Kibwana, akijivuta kwenye mkeka. "Ujanani nilipanda farasi akaruka paa la soko. Wauza samaki wakadhani ni wingu la mvua, wakaanua dagaa wao."

Mjukuu wake Zuwena hakucheka. Alikwisha kuvaa kofia yake ngumu ya kupandia farasi. Siku hizi kila Jumamosi babu mzaa mama humjia na farasi wake, na Mzee Kibwana hubaki na mkeka na hadithi zisizo na msikilizaji.

"Ulishika wapi, babu?"

"Masikio."

"Mwongo! Hushikwa hatamu. Ukimshika masikio anakutupa."

"Mke wangu, unanisuta mbele ya paka?"

"Nakusuta. Lipa faini."

Faini ya nyumba hiyo ilijulikana: mwongo hubeba. Mzee akashusha pumzi, akapiga magoti, akaweka viganja chini. Magoti yakalia kama bawaba kuukuu. Zuwena akampanda mgongoni, akamwekea kanga kinywani iwe hatamu.

Walipokaribia kumaliza mzunguko wa kwanza wa ua, kwato zikasikika nje, zikanyamaza. Babu wa pili alisimama langoni na farasi wake.

"Mzaa mwenzangu, ndiyo umefikia huko?" akacheka. "Zuwena, twende, jua linapanda."

"Subiri, babu. Huyu bado hajamaliza kulipa."

Mzee Kibwana, kanga menoni, akageuka taratibu na kuanza mzunguko mwingine. Kule langoni mgeni aliacha kucheka. Farasi wake alikuwa amesimamisha masikio.