Meno ya Benard

Adero alikuwa anaomba dawa ya meno ya mtu mwingine, na benchi zima la wagonjwa lilikuwa linamsikiliza.

“Ni ya kijana wangu, Benard,” alisema. “Yameanza kulika.”

Kalondu, msichana wa Kikamba aliyetibu meno katika zahanati ndogo ya kanisa pale Riruta Satellite, hakuinua macho kutoka kwenye kadi. “Yanalika wapi?”

“Haya ya mbele, ya chini. Sita. Yalikuwa mazuri, daktari. Sasa ukipitisha kidole yanakwaruza kama chaki.”

“Anakunywa soda sana?”

Adero alitamani kusema ndiyo, lawama iwaangukie watu wa soda. Lakini alikuwa ametembea kwa miguu kutoka kwake Laini Saba tangu alfajiri, na uongo ungemrudisha mikono mitupu.

“Ni mimi. Yalikuwa yamegeuka rangi, nikataka yang'ae. Nikatumia limau.”

“Akakaa na limau? Kwa muda gani?”

“Usiku kucha.”

Benchi likaangua kicheko. Kalondu akaweka kalamu chini. “Mtu anakubali aje kukaa na limau usiku kucha?”

“Benard hanikatalii kitu siku hizi,” alisema Adero.

Kalondu aliona aibu kwa ajili ya kile kicheko, akapunguza sauti. Alimweleza kwamba jino lina ganda gumu la nje, na asidi ya limau hulilainisha na kulila kidogo kidogo. Kuna dawa, floraidi, inapakwa kwa brashi. Inalifanya ganda lililobaki liwe gumu, lisilike tena kwa urahisi.

“Huko ng'ambo nasikia wanajaribu mpaka mwanga wa leza,” alisema. “Sisi hapa tuko na brashi tu.”

“Na huo mwanga unarudisha kile kilichokwenda?”

“Hapana, mama. Kilichokwenda kimekwenda. Tunachunga kilichobaki.”

Adero aliitikia kwa kichwa muda mrefu. “Basi nipe hiyo ya brashi niende nayo.”

“Haitoki hapa. Mlete Alhamisi.”

“Hawezi kuja mbele ya watu.”

“Ako na miaka ngapi?”

“Thelathini na nne.”

Hapo hata mzee Shiundu, aliyekuwa amevimba shavu na hajasema neno tangu asubuhi, alishindwa kujizuia. “Mwanaume wa miaka hiyo anaogopa brashi! Mama, huyo umemdekeza.”

Adero akacheka pamoja nao, kwa sababu kilichokuwa karibu kutoka kilikuwa kilio. Alipocheka, pengo lake la chini lilionekana, na Kalondu akaliona.

“Na yako yalienda wapi, mama?”

“Yaling'olewa nikiwa msichana. Kwetu ziwani ilikuwa hivyo, ndiyo unahesabiwa mtu mzima. Vijana wa shule siku hizi wengi hawataki.”

Kalondu alitikisa kichwa, akaandika kwenye kadi: Alhamisi, saa nane, watu wakiisha.

Chumba cha Adero kilikuwa kando ya reli, na treni ilipopita sufuria zote zilicheza. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Majirani walikuwa wema, ila walikuwa na watoto wa kupigia kelele na waume wa kulalamikia, na mwanamke asiye na hivyo viwili hana cha kuchangia kwenye mazungumzo ya mferejini. Miezi mitatu sasa alikuwa anaongea na Benard tu. Jioni hiyo, akichochea jiko, alimweleza yote: daktari ni mtoto mdogo lakini ana mkono mwepesi, brashi haiumi, na wale waliocheka wasamehewe, hawajui.

Barua ya shemeji zake ilikuwa chini ya mto. Jumamosi, walisema. Ng'ombe amepatikana, mahema yameazimwa, ukoo wote utakuwepo. Adero asichelewe basi la kwenda nyumbani.

Kilichomnyima usingizi hakikuwa safari. Alitaka Benard afike nyumbani akiwa vizuri mbele ya wale watu. Hakuwa na kitu kingine cha kumfanyia, na hicho kimoja alikuwa amekiharibu kwa mikono yake mwenyewe, kwa upumbavu wa limau moja la sokoni. Alijichukia kwa hilo kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Alhamisi benchi lilikuwa tupu. Kalondu alikuwa ameshaandaa kiti, akafungua chupa ya dawa, akajaribu brashi kwenye ukucha wake.

“Yuko wapi sasa? Au amekimbia?”

“Nimekuja naye.”

Kalondu akatazama mlangoni. Akatoka mpaka uani, akachungulia nyuma ya tangi la maji, akarudi.

Adero alikuwa amefungua kitambaa juu ya meza, akipanga meno sita kwenye sinia ya chuma, moja moja, yakifuatana kama yalivyokuwa yameota.

“Mwili haukupatikana, na wazee wanataka tuzike tunda la mti wa yago badala yake,” alisema. “Mimi nimekataa. Yake yaling'olewa akiwa mvulana, kama yangu, nikayaweka. Haya ziwa halikuyapata.”