Andiko la Nyegere na Wenye Majina

Nyegere alichunguza nyuki hadi uso ukamvimba kwa kuumwa, ndipo akamaliza andiko la utafiti wake. Kabla hajalipeleka kwenye jarida, Fisi alilinyakua akaandika jina lake juu kabisa.

"Mimi si mkuu wako?" akabweka.

Kiboko naye akajiandika. "Maji ulikunywa mtoni kwa nani?"

Nyegere alifura kwa hasira, lakini akajikaza. "Sawa, wakubwa zangu. Ila humu mna kosa kubwa. Wahariri wakiligundua, kila mwenye jina hapa ataumbuka."

Fisi akalifuta jina lake mbiombio. Kiboko akalifuta lake hata wino haujakauka.

"Kosa lenyewe liko wapi?" wakauliza.

"Mmeshalifuta!" Nyegere akafoka, akaenda zake na andiko lake.